KUKOKOTA NDOANO MLANGONI MWA MTO



Kijana mmoja wa hapa Mwamgongo alirudi nyumbani kutoka Bagamoyo. Huko alikuwa akivua baharini. Asubuhi ya kwanza alishuka ufukoni, akamwamkia mzee mmoja aliyekuwa akikunja nyavu zake, kisha akamwuliza:

"Mzee, hapa maji yanajaa saa ngapi?"

Sisi tuliokuwa karibu tulicheka. Mzee hakucheka. Alisema, "Mwanangu, hapa maji hayajai wala hayapwi. Lakini yanakwenda. Asiyejua yanakwenda wapi, yatakwenda naye."

Basi, somo letu la leo ni hilo. Tutajifunza namna ya kuvua kwa kukokota ndoano nyuma ya mtumbwi, karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Tutajifunza pia namna ya kurudi nyumbani salama, maana samaki bila mvuvi hana faida kwa mtu.

1. ZIWA LETU HALIJAI, LAKINI HALITULII

Baharini, mwezi na jua huyavuta maji. Ndiyo maana pwani ya Bagamoyo au Tanga maji hujaa na kupwa mara 2 kwa siku moja. Mvuvi wa huko hupanga safari yake kwa kufuata maji hayo.

Ziwa Tanganyika ni kubwa. Urefu wake unapita kilomita 650, na kina chake kikubwa ni kama mita 1,470. Hata hivyo ni dogo sana likilinganishwa na bahari. Mwezi hulivuta kidogo mno, hata jicho haliwezi kuona. Kwetu sisi anayesukuma maji ni upepo.

Tuna pepo za aina 2 ambazo kila mvuvi anapaswa kuzijua.

Wa kwanza ni kusi. Huu ni upepo wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba. Hutoka kusini ukiyasukuma maji ya juu, yale yenye joto, kuelekea kaskazini. Huko kusini maji baridi ya chini hupanda juu. Kusi likipungua, maji yale yaliyosukumwa hurudi. Chukua bakuli la uji, liinamishe upande mmoja, kisha liweke chini. Uji utapembea huku na huku kabla ya kutulia. Ziwa nalo hufanya hivyo, ila kupembea kwake ni kwa siku nyingi, na sehemu kubwa ni chini ya maji mahali tusipopaona. Ndiyo sababu unaweza kukuta maji yamebadilika baridi na samaki wamehama, ingawa juu ziwa limetulia kama kioo.

Wa pili ni upepo wa kila siku. Usiku na alfajiri hewa ya milimani hupoa, ikateremka kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo ukageuka, ukatoka ziwani kuja kwetu. Upepo huu unaonekana mdogo. Msiudharau, tutaona sababu yake baadaye.

2. KWA NINI MLANGONI MWA MTO?

Kijiji chetu kiko chini ya milima mirefu, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Mito yetu ni mifupi, nayo inateremka kwa kasi. Masika ikinyesha, mto huleta maji ya rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo yakiingia ziwani hayachanganyiki mara moja na maji safi. Hufanya mpaka. Ukiwa mtumbwini unauona mpaka huo wazi: huku tope, huku buluu.

Mto huleta wadudu, majani na takataka ndogondogo. Samaki wadogo hufuata chakula hicho. Samaki wakubwa huwafuata wadogo. Wale wakubwa hupenda kukaa upande wa maji safi, pembeni kidogo mwa tope, wakimvizia anayetoka. Kwa hiyo usiipitishe ndoano yako katikati ya tope. Huko samaki haioni. Ipitishe kando ya mpaka, upande wa maji safi.

Samaki tunaowatafuta kwa njia hii ni kuhe, sangala na mgebuka. Mgebuka na sangala ni wa ukoo mmoja, na wote hula dagaa. Kuhe ni wa ukoo wa ngege, naye anahesabiwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo huo duniani. Anaweza kupita sentimita 60. Anapenda mahali penye mchanga.

3. VIFAA

Hahitaji kuwa tajiri mtu anayetaka kukokota ndoano. Anahitaji vitu hivi:

(a) Mtumbwi mzima usiovuja, na kopo la kutolea maji.
(b) Makasia, na kasia moja la akiba.
(c) Mshipi imara, uliozungushiwa kwenye kipande cha ubao.
(d) Ndoano kali. Ijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, inole.
(e) Chambo. Dagaa mzima anafaa. Wengine hutumia manyoya meupe ya kuku au kipande cha bati kinachong'aa, kwa sababu vikikokotwa hufanana na dagaa anayekimbia.
(f) Risasi ya kuuzamisha mshipi.
(g) Kisu, kiwe karibu na mkono.
(h) Jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliyemo mtumbwini, liwe limevaliwa. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halimwokoi mtu.

Pima mshipi wako kabla ya kwenda. Pima 1, yaani urefu wa mikono yote 2 iliyonyooshwa, ni kama mita 1.8. Kila baada ya pima 5 funga uzi wa rangi. Ukiachia pima 20, umeachia kama mita 36. Samaki akila, tazama uzi wa rangi uko wapi. Safari ijayo achia urefu uleule.

Usiachie mshipi mrefu kupita kiasi kwa kudhani samaki wakubwa wako chini kabisa. Katika sehemu zetu hizi za kaskazini, hewa ya kupumua ndani ya maji huishia kwenye kina cha kama mita 100 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi.

4. NAMNA YA KUKOKOTA

Kwanza, piga kasia polepole. Mwendo uwe kama wa mtu anayetembea bila haraka. Ukienda mbio, ndoano hupanda juu. Ukienda polepole mno, hushuka na kunasa chini.

Pili, usipime mwendo kwa kutazama nchi kavu peke yake. Upepo na maji ya mto vinaweza kukusukuma hata ukiwa umelaza kasia. Utaona miti inapita, ukadhani ndoano inakwenda, kumbe wewe na maji mnakwenda pamoja na ndoano imening'inia tu. Tazama mshipi wenyewe. Ukilala nyuma ya mtumbwi, mwendo ni mzuri. Ukisimama wima kuelekea chini, ongeza kasia. Ukielea juu na chambo kuonekana, punguza.

Tatu, usiende moja kwa moja kama mtu anayefuata reli. Nenda kwa kupindapinda, kama nyoka, ukifuata mpaka wa tope. Kila unapopinda, mshipi wa upande wa ndani hupungua mwendo na kushuka. Mshipi wa upande wa nje huongeza mwendo na kupanda. Angalia samaki amekula upande gani. Akila upande wa ndani, yuko chini zaidi. Akila upande wa nje, yuko juu au anataka mwendo. Basi samaki mwenyewe atakuwa amekufundisha.

Nne, usiufunge mshipi mkononi wala mguuni. Sangala mkubwa akivuta ghafla, mshipi utakata nyama au utakutupa majini. Ushike pamoja na ubao wake. Ikibidi, uachie ubao uelee, utaufuata.

Tano, mipaka ya hifadhi iheshimuni. Maji yaliyomo ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Gombe si mahali pa kuvua. Asiyejua mpaka uko wapi aulize kwanza kwa viongozi wa kijiji au kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi.

5. SIKU TULIYODANGANYWA NA UPEPO

Sasa tueleze yaliyotupata sisi wenyewe, ili nanyi yasiwapate.

Ilikuwa mwezi Machi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku. Tulikuwa watatu. Tuliondoka kabla ya mapambazuko, na mto ulikuwa unavuma. Kwenda kulikuwa rahisi ajabu. Tulipiga kasia kidogo tu, mtumbwi ukateleza. Mmoja wetu alisema, "Leo mikono imepata nguvu!" Tukacheka.

Haikuwa mikono. Maji ya mto yalikuwa yakitusukuma nje. Upepo wa milimani nao ulikuwa ukitusukuma nje. Nguvu 2 kwa njia moja. Mtu wa pwani angesema maji yanakupwa.

Tulipata kuhe wawili, kisha mgebuka. Kila tulipotoa samaki, tuliacha kupiga kasia. Kila tulipoacha, tulisogea mbali. Hakuna aliyetazama nyuma. Jua lilipopanda tuliona nyumba za kijiji zimekuwa ndogo kama punje za mchele. Tukageuza mtumbwi. Kasia moja likavunjika, na la akiba hatukuwa nalo. Tuliliacha nyumbani kwa sababu lilikuwa likitusumbua miguuni.

Tulipiga kasia kwa zamu hadi mikono ikachubuka, na milima haikusogea. Wingu jeusi lilisimama upande wa Kongo. Mdogo wetu kuliko wote, ambaye mke wake alikuwa mjamzito, alinyamaza kimya. Hakuna aliyetaja samaki tena. Mmoja wetu alisema tuwatupe ili mtumbwi uwe mwepesi, nasi tukawatupa.

Karibu na adhuhuri upepo ulilegea, kisha ukageuka. Sasa ulikuwa unatoka ziwani kwenda nyumbani. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wamechelewa kurudi walituona, wakatufungia kamba, wakatuvuta. Mvua ilitukuta tukiwa tayari tumekanyaga mchanga. Ufukoni tulimkuta mama wa yule mdogo wetu ameketi, na kanga yake imelowa. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Hakutugombeza. Alitutazama, akahesabu watatu, akaenda zake nyumbani.

Jioni yule mzee wa nyavu alituuliza swali moja tu: "Mlipokuwa mkienda bila jasho, hamkujiuliza nani anawasukuma?"

Tangu siku hiyo tuna kanuni: kwenda kukiwa rahisi, kurudi kutakuwa kugumu. Kila tunapotoa samaki mmoja, mmoja wetu hutazama nchi kavu. Tumechagua alama 2: mti mkubwa ulio ufukoni, na mwamba ulio mlimani nyuma yake. Mti ukiwa chini ya mwamba, tuko mahali petu. Vikiachana, tumesogezwa.

Kumbukeni pia kwamba upepo wa kutoka ziwani ukikutana na maji ya mto yanayotoka, mawimbi mlangoni mwa mto huwa mafupi na yenye kusimama wima. Mtumbwi hupinduka kwa urahisi hapo. Wakati wa kurudi usipite mlangoni. Zunguka, utue mbali kidogo na mto.

6. KUHE MWENYE WATOTO

Kuna jambo jingine, nalo ni la kesho yetu.

Kuhe huzaa mahali penye mchanga, maji yasiyo na kina kirefu. Mayai ni maelfu. Baba na mama wote 2 hulinda mayai, kisha huwalinda watoto. Ukichungulia siku maji yametulia, unaona watoto kama wingu dogo, na wazazi wakizunguka. Wataalamu wengi wanaona kwamba kuhe huzaa mara moja tu maishani, kisha hufa. Maana yake ni kwamba ukimtoa mzazi yule, umetoa na watoto wote, kwani bila mlinzi wataliwa siku ileile. Na hakuna mwaka mwingine wa kujaribu tena.

Kwa hiyo tukiona wingu la watoto, tunainua ndoano na kupita. Si kwa sababu tumeshiba. Ni kwa sababu tunataka kurudi mwakani.

Na mchanga wenyewe tuulinde. Watafiti wamelinganisha mto wa Mitumba, ambao milima yake ina misitu ndani ya hifadhi, na mto wetu wa Mwamgongo, ambao milima yake imelimwa. Mlima uliokatwa miti huteremsha udongo mwingi zaidi, nao hufunika mawe na mchanga ambako samaki hula na kuzaa. Kwa hiyo anayelima bila matuta mlimani anaharibu shamba la juu na pia shamba la chini, yaani ziwa.

7. WENZETU WA KANADA

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Nchi ya Kanada iko mbali, kaskazini ya Marekani. Kuna mto mkubwa uitwao Fraser, unaoingia baharini karibu na mji wa Vancouver. Huko kuna samaki aitwaye samoni mwekundu. Huzaliwa mtoni, hukua baharini, na wengi wao katika mwaka wa 4 hurudi mtoni kwao kuzaa. Akisha kuzaa, hufa. Ni mara moja tu, kama tulivyosema juu ya kuhe.

Wavuvi wa huko nao hukokota ndoano polepole, kwa mashua za mashine. Wana kitabu kinachoonyesha saa za maji kujaa na kupwa kila siku, nao hukisoma kabla ya kwenda.

Mwaka 2009 wataalamu walitazamia samoni wekundu zaidi ya milioni 10 katika mto Fraser. Walirudi kama milioni 1.5 tu. Uvuvi wa kuuza ukafungwa, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Mwaka 2010 walirudi karibu milioni 30. Mnaona? Samaki wanaweza kupungua sana, na wanaweza kurudi. Lakini anayeweza kujua kwamba wamepungua ni yule anayehesabu.

Na sisi huku tumeonja jambo kama hilo. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ilikuwa miezi migumu kwa nyumba nyingi. Tangazo la namna hiyo likija, msingoje kuambiwa na mtu wa kijiweni. Lisomeni wenyewe: linaanza lini, linaisha lini, na linataja zana zipi. Kisomo ni cha kazi hiyo.

8. DAFTARI LA MVUVI

Sisi hatuna kitabu cha maji kama cha Kanada. Basi tujiandikie. Kikundi chetu kina daftari moja na kalamu moja, vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tukirudi tunaandika mambo 6:

1. Tarehe, na mwezi uko mchanga au mpevu.
2. Upepo ulitoka wapi, na uligeuka saa ngapi.
3. Maji ya mto: safi au tope.
4. Mshipi: pima ngapi.
5. Samaki: aina gani na wangapi.
6. Kama tuliona kuhe wenye watoto, na wapi.

Mwanzoni tuliona kazi ya bure. Lakini daftari lilipofika mwaka mzima tulikaa chini tukalisoma. Tukaona saa ambazo upepo hugeuka katika kila msimu. Tukaona mahali ambapo kuhe huzaa. Tukaona pia kwamba siku za mwezi mpevu, wakati wavuvi wa taa wanapumzika kwa sababu dagaa hawafuati taa, ndoano inaweza kutupatia kitoweo. Hayo yote yalikuwa mbele ya macho yetu miaka yote. Tulikuwa tukiyaona na kuyasahau.

Yule kijana wa Bagamoyo ndiye mwandishi wa daftari letu sasa. Siku hizi hatumcheki tena. Kila asubuhi, kabla hatujasukuma mtumbwi, huuliza swali lake kwa namna nyingine: "Leo maji yanakwenda wapi?" Na hatuondoki mpaka swali hilo limejibiwa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kukokota: kuvuta kitu nyuma yako polepole.
Kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha ufuko wazi.
Pima: urefu wa mikono 2 iliyonyooshwa.
Chambo: kitu cha kumvutia samaki aje kwenye ndoano.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Ziwa Tanganyika halijai na kupwa kama bahari?
2. Alfajiri upepo wetu hutoka wapi? Mchana hutoka wapi?
3. Ndoano ipitishwe upande gani wa mpaka wa tope? Kwa nini?
4. Mvuvi ameachia pima 25. Hizo ni mita ngapi?
5. Wavuvi watatu walifanya makosa gani siku ile ya Machi? Yatajeni yote.
6. Katika kijiji chenu, ni alama zipi 2 za nchi kavu ambazo mvuvi anaweza kuzitumia? Nendeni ufukoni mkazichague pamoja.
7. Nunueni daftari. Nani ataandika?